Wachumba Watatu na Mlango wa Chuma

Kibakwe,
21 Julai 2024

Gladness, mke mwenzangu,

Mbukwa. Salamu nakupa, ila hukuzistahili, kwa hiyo zipokee kwa mkono wa kushoto. Mimi mzima. Mbuzi wazima. Jirani yangu Cecilia mzima, anakohoa ili watu wamuulize anaumwa nini. Mumewe Damas ameezeka upya banda la kuku, na jua linapita humo kama unga kwenye chekecheo. Mvua zikija tutacheka.

Sasa nisikilize. Matokeo yenu ya kidato cha sita yametoka, na mimi nimeyasikia kwa Damas. Kwa Damas, Gladness. Alikuja na simu yake mkononi akasema, Bibi Zipora, mjukuu wako amepata daraja la kwanza. Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Umenifanya niseme uongo mbele ya mtu asiyejua hata kuezeka.

Daraja la kwanza. Katika ukoo wote wa marehemu Bartolomayo, mume wetu, hakuna aliyewahi kufika huko. Mimi mwenyewe nilisoma kisomo cha watu wazima kwenye ghala la ushirika, mama yako Ruthu, Mungu amrehemu, akiwa mgongoni ananilowesha. Nilijua kuandika jina langu nikiwa tayari ni mama wa mtu. Damas alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Usiniulize nilikuwa nafanya nini huko.

Jumapili nikasimama kanisani nikawaambia akina mama kwamba mjukuu wangu anakwenda kuwa mwalimu. Wamepiga vigelegele mpaka mchungaji akasubiri. Kwa hiyo hilo limekwisha. Utakuwa mwalimu, utapangiwa huku huku Mpwapwa, na mimi nitakufa nikiwa na mtu wa kunifumba macho.

Nasikia kwa mjomba wako Noeli kwamba mchana kutwa uko karakanani kwake hapo Kizota. Nilikupeleka upumzike, si uunguzwe na cheche. Mtoto wa kike anakaa kwenye moto wa vyuma ili iweje? Acha.

Mwambie Noeli mlango wangu wa mbele umeliwa na mchwa. Nikiusukuma unanibaki mkononi kama mkate mkavu. Anitengenezee wa chuma. Yeye ni fundi, watu wa mjini wote wana mageti yake, na mamaye analala nyuma ya unga.

Mwaka huu vitambaa vya mbegu nimefunga mwenyewe, wewe hukuwepo. Utakumbuka ulivyokuwa mdogo, nakupa vitambaa vyekundu ukafunge kwenye mahindi ya mbegu, wewe unakimbilia yale manene ya karibu na zizi. Nilikuchapa. Hindi la karibu na zizi limelishwa samadi, hata mjinga angezaa pale. Mbegu ni lile lililozaa vizuri kule juu kwenye changarawe, ambako hakuna aliyelisaidia. Ulikuja kuelewa, lakini kwa fimbo.

Barua hii nampa utingo wa basi. Simu sitaki. Huku bondeni haishiki, mpaka nipande kanisani kilimani nikapige kelele kama mbweha. Na sauti husahaulika, ila karatasi naweza kukusomea tena siku ukinibishia.

Naandikia nje, juani. Jua linanichoma shingo kwa ajili yako.

Bibi yako,
Zipora

*

Kizota, Dodoma,
10 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu nikiwa nimepiga magoti hapa kwenye sakafu ya mjomba, kwa kosa la matokeo. Sikukuficha. Siku yanatoka simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupozea vyuma, na laini ikafa humo humo. Nilikuwa nasubiri basi la kukuletea habari kwa karatasi, kama unavyotaka. Damas akaniwahi. Nitamlipizia siku ya mvua, nitakaa barazani kwako nihesabu kuku wake walivyolowa.

Huku wote wazima. Mjomba Noeli anakusalimu. Kazi ni nyingi, mji unajengwa kila upande, watu wanataka mageti, madirisha na ngazi. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kiume, wamemwita Bartolomayo. Kwa hiyo mume wetu amerudi, Bibi, jipange.

Maombi ya vyuo nimeshajaza. Nilikwenda kwa kijana mmoja wa stesheneri, tukajaza kwenye kompyuta yake. Nimeomba vyuo vitatu, kila kimoja na kozi yake. Ualimu umo. Vyuo vyenyewe ndivyo vitachagua, na mtu anaweza kuchaguliwa na kimoja, na viwili, au asichaguliwe kabisa.

Kuna jambo moja nakuomba. Kwenye nafasi ya namba ya simu niliandika namba yako. Unajua tangu nilipoanza kidato cha kwanza fomu zote za nyumba yetu tunaziandikia namba yako, hata mjomba akienda hospitali anaandika hiyo, kwa sababu ndiyo namba ya nyumba. Mkono wangu uliandika wenyewe. Vyuo vikichagua, ujumbe utakuja kwenye simu yako, na nikichaguliwa zaidi ya mahali pamoja itakuja namba ya siri ya kuthibitishia. Nitakuomba unitumie. Ni siri kweli, Bibi, usimwonyeshe mtu. Wapo watu wanaibiwa nafasi zao.

Mlango wako uko tayari. Utakuja Alhamisi na lori linalokwenda huko kuchukua vitunguu. Damas na mwenzake wanaweza kuufunga, fremu ina vyuma vya kuchimbia ukutani. Uangalie vizuri, halafu uniandikie unavyouona.

Mjukuu wako,
Gladness

*

Kibakwe,
25 Agosti 2024

Mke mwenzangu mdogo,

Nimepokea habari za Bartolomayo. Mwambie Noeli nimefurahi, na mwambie yule wa kwanza alikuwa hapigi kelele usiku, ajifunze.

Mlango umefika. Wameufunga Damas na dereva wa lori, na kwa mara ya kwanza Damas amefunga kitu kikasimama. Mtoto wewe, mwambie mjomba wako nimemwongezea umri wa kuishi. Nimeupapasa mshono wa kuchomelea kuanzia juu mpaka chini. Umelala sawasawa kama msuko wa kichwa cha bibi harusi, hauna kinundu, hauna shimo. Pale pembe zinapokutana nimepitisha kucha, haikukwama. Nimewaita akina mama wa kanisani waupapase na wao. Nimewaambia, huyu ni Noeli wangu, hakumaliza hata la saba, lakini vyuma vinamsikiliza. Wewe unakaa naye kila siku, sijui kama unaona alivyo na mkono. Pengine wewe uko kwenye vitabu tu.

Kuhusu namba ya siri nimekuelewa. Tena mchungaji ametutangazia Jumapili kwamba matapeli wamezidi. Wanaandika "ile hela tuma kwenye namba hii," wanaita watu kwa majina yao, wanajifanya watoto wa watu. Mama mmoja wa kwaya ametuma hela ya mbegu. Kwa hiyo simu yangu nimeifunga kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kikapu, kikapu juu ya dari. Naitoa Jumapili tu naenda nayo kanisani. Hakuna atakayeigusa.

Sasa hivyo vyuo vitakavyokuchagua mimi naviona kama wachumba. Enzi zetu mchumba alikuja mmoja, naye hukuulizwa. Kama kwako watakuja watatu, usijione. Kuposwa na watatu si kuolewa na watatu. Binti anayewaweka wote barazani wanywe uji wake, siku moja wanainuka wote.

Mahindi nimeyatundika juu ya moshi. Vitambaa vyote nimevikuta kwa mkono.

Zipora

*

Kizota,
5 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mtoto Bartolomayo anaendelea vizuri na bado anapiga kelele. Mjomba amejikata kidole na grinda, ile mashine ya kusagia vyuma, si jeraha la kutisha, ameshafungwa.

Bibi, wachumba wamekuja wote watatu.

Wa kwanza yuko hapa hapa Dodoma. Huyu ni ualimu, nitafundisha fizikia na hisabati, miaka mitatu. Wa pili yuko Dar es Salaam, ni takwimu, kazi ya kuhesabu watu na mazao na magonjwa ili serikali ijue ipeleke nini wapi. Nayo miaka mitatu. Wa tatu yuko Mbeya. Ni uhandisi wa mitambo, miaka minne. Hapo mtu anajifunza jinsi mashine inavyobuniwa tangu haijawa kitu, pampu, kinu, injini, kwa nini chuma hiki kinabeba mzigo na kile kinapinda.

Sheria ni kwamba aliyechaguliwa zaidi ya mahali pamoja anathibitisha mahali pamoja tu, zile nafasi nyingine wapewe wenzake. Unaingia kwenye chuo unachokitaka, unaweka ile namba ya siri, basi. Usipothibitisha mpaka dirisha lifungwe, unapoteza zote tatu na kuanza upya na walioachwa. Dirisha linafungwa tarehe ishirini na moja mwezi huu.

Nadhani nitachukua ualimu wa Dodoma. Ndio ulioutaka, na ni karibu, kila mwisho wa mwezi nitakuja nyumbani kukupikia mlenda.

Namba ya siri imeshatumwa kwako. Jumapili nilikupigia kwa simu ya mjomba ukiwa kanisani, nikasema, Bibi, ni mimi Gladness, nisomee ile namba. Ukakata. Nikapiga tena, mjomba akasema ni mimi Noeli. Ukamwambia kama yeye ni Noeli basi wewe ni malkia, ukazima simu. Mjomba amecheka mpaka kidole kikamvuja damu. Mimi sikucheka sana. Kijana wa stesheneri anasema ukiomba upya inakwenda kwenye namba ile ile, na kubadili namba ni barua na foleni, siku zitatuishia. Kama maandishi ya simu ni madogo, mpe Cecilia akusomee. Au nije mwenyewe.

Jambo la mwisho. Mlango si wa mjomba. Ni wangu. Alinisimamia kukata vyuma, mshono wote nimechomelea mimi, kuanzia juu mpaka chini. Nilitaka uuone kwanza kabla sijakwambia. Rangi ndiyo ilinitia hofu, kwa sababu mjomba alikuwa amebakiwa na rangi moja tu, ya kazi ya baa fulani ya huku. Nilikaa wiki mbili nasubiri unitukane kwa hiyo rangi. Hukuitaja.

Bibi, mlango wako una rangi gani?

Gladness

*

Kibakwe,
10 Septemba 2024

Gladness,

Rangi ni rangi. Mlango kazi yake ni kufunga.

Nilisikia sauti yako kwenye simu na nikaijua, na bado nilikata. Siku hizi sauti zinaigwa. Mtu akitaka kitu changu cha siri aniandikie kwa mkono wake, mwandiko wako naujua, ile "g" yako ina mkia kama wa mbuzi. Cecilia simpi. Wewe mwenyewe uliandika asionyeshwe mtu, au Cecilia si mtu? Na usije. Nimesema usije. Nauli haziokotwi, na mimi nina shughuli zangu, mtu hawezi kuingia hapa bila hodi.

Umesema unadhani utachukua ualimu. Nilikulea miaka kumi na tisa, najua ukitaka kitu unavyokitaja. Mchumba wa Dodoma umemwandikia mstari mmoja na nusu. Wa Dar es Salaam miwili. Wa Mbeya umeniandikia pampu na kinu na chuma kinachopinda. Halafu unasema unadhani ni wa Dodoma. Mlenda najua kupika mwenyewe, nilikupikia wewe.

Ninachokuuliza ni kimoja na unijibu bila adabu. Kama mimi nisingekuwepo, ungekwenda wapi?

Kumbe ule mshono ni wako. Nimetoka kuupapasa tena.

Zipora

*

Mlangoni kwako, Kibakwe,
14 Septemba 2024

Bibi,

Ulinikataza nisije, nimekuja. Nimebisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe hakuna anayejibu. Kuna kufuli. Nimemkuta Damas anachunga mbuzi wako pamoja na wake. Nimemwuliza Bibi yuko wapi, akasema umekwenda kuhani msiba. Nikamwuliza msiba wa nani, akasema wa ndugu. Nikamwuliza ndugu gani, akaanza kuwafukuza mbuzi ambao hawakuwa wanakwenda popote. Cecilia naye hayupo. Basi linarudi saa nane, nisipopanda nitalala njiani, na Jumatatu mjomba ana kazi ya watu.

Kwa hiyo naandikia hapa kizingitini, karatasi imelala kwenye goti.

Bibi, mistari yako inapandana. Barua ya Julai ilikuwa inashuka kidogo upande wa kulia. Ya Agosti mistari miwili iligongana katikati. Hii ya mwisho umeandika maneno juu ya maneno, nimeisoma kama mtu anayefumua uzi. Unaandikia nje juani kwa sababu ndani huoni. Mlango uliusifu kwa kucha. Na namba ya siri hukunikatalia kwa sababu ya matapeli. Huioni.

Umeniuliza, nakujibu bila adabu. Ningekwenda Mbeya. Ningekwenda leo, na hii nguo niliyovaa. Mjomba akiniachia chuma mkononi nasahau kula. Nikiona pampu ya kijiji imekufa sioni pampu, naona swali.

Lakini nitachukua Dodoma, na usinibishie. Walimu nao ni watu. Mtu asiyeona hawezi kuachwa bondeni na Damas. Nikirudi wiki ijayo utanipa simu, nitasoma mwenyewe, yatakwisha.

Barua naisukuma chini ya mlango. Niliacha upenyo mdogo sana, fundi mbaya, imebidi niikunje mara nne.

Gladness

*

Mpwapwa mjini,
18 Septemba 2024

Mke mwenzangu,

Mbukwa. Niko mzima kuliko nilivyokuwa, na usiulize maswali mpaka nimalize.

Niko hapa Mpwapwa na Cecilia. Walikuja madaktari wa macho, walitangazwa kanisani tangu mwezi wa saba, nami nikajifanya sikusikia. Mtoto wa jicho, ndivyo wanavyouita. Mimi nilimlea miaka miwili huyo mtoto bila kumwambia mtu, kwa sababu niliogopa kisu. Ndio, niliogopa. Nimezaa watoto sita bila kupiga kelele, lakini kisu kwenye jicho ni jambo jingine, na nisingependa hilo ulirudie mbele za watu.

Kilichonitoa ni barua yako ya rangi. Cecilia ndiye aliyenisomea. Aliposoma "mlango wako una rangi gani," aliacha kukohoa. Nikamwuliza, Cecilia, una rangi gani? Akasema, mama, si unauona? Nikamwambia soma mbele, usinipeleleze. Ile barua ya kukujibu niliiandika mwenyewe kwa hasira, kesho yake asubuhi nikamwambia funga nguo, tunakwenda Mpwapwa. Damas tumemwachia mbuzi na uongo wa msiba. Kama ulikuja naye akakosea kuusema, mimi ndiye niliyemfundisha vibaya.

Wamelifanya la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Daktari wake msichana, mdogo, hana hata mvi, mikono yake haitetemeki. Nikamwuliza mwanangu, bibi yako alikukataza kwenda mbali kusoma? Akasema bibi yake ndiye aliyeuza mtama wote akampeleka. Hilo nililala nalo.

Juzi walitoa bandeji. Jana jicho liliacha kutoa maji. Leo, mchana, nimekaa kwenye benchi la nje nikafungua kitambaa, nikawasha simu, nikausoma ule ujumbe mwenyewe. Cecilia nimemgeuza atazame ukuta. Nimeinakili namba nyuma ya karatasi hii, tarakimu na herufi, moja moja, nimeilinganisha mara tatu. Utingo wa basi la jioni anaileta, nimemwambia akiipoteza nitamjua kwa sura sasa.

Nisikilize vizuri. Hii namba nakupa wewe, uipeleke unakotaka. Lakini ukiipeleka Dodoma kwa ajili yangu, nitaung'oa ule mlango na kuurudisha Kizota kwa lori la vitunguu, na mbele ya watu nitasema sikukuzaa wala sikukulea. Dodoma ni hindi la karibu na zizi. Mjomba yupo, nauli ni ndogo, bibi yupo. Wewe umezaa kwenye changarawe, Gladness. Hukuwa na mama, shuleni ulikwenda na viatu vya Noeli vilivyokatwa, na mwalimu wa fizikia mlikuwa mnamwona kama mvua. Ukazaa hivyo. Mtu wa namna hiyo hafungwi kitambaa halafu akaliwa.

Akina mama wa kanisani niliowaambia mwalimu, nitawaambia nilikosea. Watapiga vigelegele vile vile, wanapenda kupiga.

Usinijibu kabla hujabonyeza.

Zipora

*

Kizota,
20 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo.

Utingo alikuja mpaka karakanani, akanipa barua kwa mikono miwili, akasema bibi yako ni mtu wa hatari. Nilikwenda stesheneri na nguo za kazi. Kijana akaniuliza chuo gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikaweka namba. Herufi zote zilikuwa sahihi, zimekaa kwenye mstari mmoja, zimenyooka. Nilizitazama kuliko nilivyotazama kompyuta.

Imethibitishwa Mbeya.

Mjomba amezima mashine zote, akasema kesho ananipa miwani yake mizuri ya kuchomelea, niende nayo. Amelia kidogo akasingizia moshi. Mashine zilikuwa zimezimwa.

Barua niliyokuachia chini ya mlango ukiikuta usiisome. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Gladness

*

Kibakwe,
3 Novemba 2024

Gladness, mke mwenzangu aliyekwenda mbali,

Mbukwa. Barua yako ya Mbeya nimeipokea. Umesema kuna baridi, vaa. Umesema kwenye darasa lenu wasichana ni wachache, hiyo si habari, changarawe huwa hivyo. Umesema mhandisi anayewafundisha ameuliza nani amewahi kuchomelea, ukaogopa kunyoosha mkono. Safari nyingine ukiogopa nitapanda basi nije niunyooshe mimi.

Wote wazima. Jicho la kushoto nalo limefanywa, walinizuia Mpwapwa mpaka lipone, nimerudi wiki iliyopita. Mvua ya kwanza imenyesha na kuku wa Damas wamehamia jikoni kwangu. Bartolomayo ameanza kucheka, Noeli ameandika barua nzima kwa ajili ya kicheko kimoja.

Sasa ngoja nikwambie nilivyorudi. Cecilia alitaka kunishika mkono kutoka barabarani, nikamnyang'anya. Nikashuka mwenyewe. Pale kwenye kona, kabla nyumba haijaonekana vizuri, niliona kitu kinawaka kama mtu amewasha moto barazani kwangu mchana. Nikaongeza mwendo. Nilipofika nikasimama.

Mwekundu. Gladness. Mwekundu kama ulimi. Mlango wa mjane wa miaka sabini na miwili, mama wa kanisa, anayeshika ufunguo wa sanduku la sadaka. Na mimi nikawaita wenzangu waje waupapase, nikasimama mbele yake nimejaa kiburi, nao wote walikuwa wanauona na hakuna hata mmoja aliyenong'ona. Umenivika nguo ya baa mbele ya waumini. Maneno niliyoyasema pale barazani siyaandiki. Yalikuwa yako tangu Agosti, niliyachelewesha tu, na nimeyamaliza yote.

Nilipofungua nikakanyaga karatasi. Imekunjwa mara nne. Uliniambia nisiisome, nikaisoma, kwa sababu nyumba ni yangu. Nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena. Eti walimu nao ni watu. Eti hawezi kuachwa bondeni na Damas. Sijawahi kusoma barua yenye adabu mbaya kama ile. Nimeiweka ndani ya Biblia, pale kwenye Ruthu, jina la mama yako.

Noeli alileta salamu kwamba akija Krismasi atabeba rangi ya kijivu. Nimemkatalia. Watu wa gulioni sasa wakiulizwa kwangu wanasema, ni kule kwenye mlango mwekundu, na anayefika namwambia nani aliuchomelea na sasa yuko wapi. Jana nilikuwa nachukua mahindi ya mbegu juu ya moshi, nafungua vile vitambaa kimoja kimoja ili nipande. Nikageuka nikautazama mlango, nikatazama kitambaa mkononi, wekundu ule ule. Nimekiacha kimoja, nimekifunga kwenye komeo.

Ila usivimbe kichwa. Nimekagua kazi yako sasa kwa macho mawili, toka juu mpaka chini. Bawaba ya chini, upande wa ndani, kuna kinundu. Kidogo, vidole vilikipita, jicho limekiona.

Krismasi uje na grinda, ukisage.

Bibi yako na mke mwenzio,
Zipora